Ubongo wa Mbwa Usizikwe Kabla ya Kutiwa Rangi

Mbwa anapomng'ata mtu mjini Makambako, au katika kijiji chochote cha mkoa wa Njombe, mambo mawili hufuata kwa kawaida. Aliyeng'atwa hupelekwa zahanati au hospitali. Mbwa naye, akikamatwa, hupigwa hadi afe, kisha hufukiwa au hutupwa korongoni. Jambo la kwanza ni la lazima na halina mjadala. Jambo la pili huonekana kuwa la busara kwa sababu linaondoa hatari mbele ya macho ya watu, lakini pamoja na mzoga huo huzikwa jibu la swali ambalo daktari, mgonjwa na majirani wote wanalihitaji: je, mbwa yule alikuwa na kichaa? Jibu hilo limo ndani ya makundi machache ya seli za ubongo wake, na njia iliyo karibu zaidi ya kulisoma ni kuzitia seli hizo rangi na kuzitazama kwa hadubini.

Watoa huduma wengi huiona kazi ya kutia rangi seli za neva kuwa shughuli ya mbali, ya maprofesa na vyuo vikuu, isiyo na mahali katika mkoa wa chai, mbao na viazi. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Katika mji wa njia panda kama Makambako, ambako barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia huachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita ikiwa na watu na mizigo yao, mbwa mgonjwa hana mpaka wa kata wala wa wilaya. Mahali kama hapo, kutia rangi ubongo ni kazi ya afya ya jamii ya daraja lilelile na kutia rangi ya Giemsa tone la damu linalotafutwa malaria, au ya Ziehl-Neelsen makohozi yanayotafutwa kifua kikuu. Elimu ya kuifanya ipo, na sehemu yake muhimu ilipatikana hapahapa Tanzania. Kinachopungua ni mkono wa kuichukua sampuli, chombo cha kuibebea, na mazoea ya kurudisha jibu kwa aliyelihitaji.

Ili kuona kwa nini seli chache zinaweza kubeba jibu zito namna hiyo, yafaa kurudi nyuma kidogo. Kipande cha ubongo kisichotiwa rangi hakisemi chochote chini ya hadubini. Ni utando mweupe unaopitisha mwanga, usio na mwanzo wala mwisho. Mwaka 1873 Camillo Golgi, tabibu katika hospitali ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona katika mji mdogo wa Abbiategrasso, kaskazini mwa Italia, aligundua kwamba kipande kilichogandishwa kwa dikromati ya potasiamu na kisha kulowekwa katika nitrati ya fedha hutoa seli chache nyeusi tii juu ya mandhari ya manjano, kila moja na matawi yake yote. Maabara yake ilikuwa jiko lililogeuzwa. Wanaoamini kwamba elimu ya ubongo haiwezi kusitawi nje ya miji mikuu wangefaidika kulikumbuka jiko hilo.

Njia ya Golgi ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: haikuchagua. Ilishika seli moja hapa na nyingine pale, na mtazamaji hakuweza kuiamuru. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliiboresha na kuitumia kuonyesha kwamba kila seli ya neva husimama peke yake, jambo ambalo Golgi mwenyewe hakulikubali hata siku walipopewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Mjerumani Franz Nissl naye alitumia rangi za anilini zinazoshika chembechembe zilizomo ndani ya mwili wa seli, ikawezekana kuyaona makundi ya seli kwa umbo na mpangilio wake. Hatua ya kuchagua kweli ilikuja katika miaka ya 1940, Mmarekani Albert Coons alipofunga rangi inayong'aa kwenye kingamwili. Kingamwili hushika kitu kimoja tu, kama ufunguo na kitasa chake. Tangu hapo mtafiti akitaka kuziona seli zinazotengeneza dopamini, zile ambazo hufa kwa mgonjwa wa Parkinson, hutumia kingamwili inayoshika kimeng'enya cha kutengenezea dopamini. Akitaka seli za Purkinje za ubongo mdogo, hutumia kingamwili inayoshika protini iliyomo kwa wingi ndani yake.

Katika maabara ya Golgi huyohuyo, katika chuo kikuu cha Pavia, kijana aitwaye Adelchi Negri alipewa kazi ya kuchunguza ubongo wa wanyama waliokufa kwa kichaa cha mbwa. Mwaka 1903 alitangaza kwamba ameona ndani ya seli kubwa za neva vijumba vya mviringo ambavyo havikuwamo katika ubongo wa wanyama wengine. Alidhani kuwa ni vimelea, na katika hilo alikosea, kwa maana leo inafahamika kwamba ni mahali ambapo virusi hujitengenezea sehemu zake. Lakini hakukosea mahali pa kutazama. Vijumba hivyo, ambavyo mpaka leo huitwa kwa jina lake, havikutawanyika ovyo. Vilionekana zaidi katika seli zenye umbo la piramidi za sehemu iitwayo pembe ya Amoni, iliyomo ndani ya hipokampasi, na katika seli za Purkinje. Virusi vya kichaa cha mbwa, ambavyo husafiri kutoka kwenye jeraha kupitia neva hadi ubongoni, vina mahali vinapopendelea, na utambuzi wote wa ugonjwa huu kwa njia ya rangi ulijengwa juu ya upendeleo huo.

Yapo hata maabara ambayo yameugeuza upendeleo huo kuwa chombo. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Salk huko California walitoa katika virusi hivi jeni moja ili visiweze kuenea ovyo, wakavipa jeni ya protini inayong'aa, na kuvitumia kuonyesha ni seli zipi za neva zinazoungana moja kwa moja na seli iliyochaguliwa. Ugonjwa uliotafutwa kwa rangi kwa zaidi ya karne umekuwa wenyewe rangi. Hayo ni ya California. Kwa Njombe swali ni dogo zaidi, nalo ni la haraka.

Kwa miongo mingi rangi iliyotumika sana katika maabara za nchi maskini ilikuwa ile ya Sellers, iliyotangazwa mwaka 1927, ambayo ni mchanganyiko wa methilini bluu na fuksini. Sehemu ya ubongo hugandamizwa juu ya slaidi, rangi hutiwa kwa sekunde chache, huoshwa, na kijumba cha Negri huonekana chekundu ndani ya seli ya buluu. Ni rahisi, ni ya bei ndogo, na kwa sababu hiyo kila mara hujitokeza mtu wa kupendekeza irudishwe wilayani. Pendekezo hilo likataliwe. Vijumba vya Negri havionekani katika ubongo wa kila mnyama mwenye kichaa. Wengi hufa au huuawa kabla havijakua vya kutosha, na mzoga ukianza kuoza havitambuliki kabisa. Kuviona ni ushahidi, lakini kutoviona si ushahidi wa lolote. Ndiyo maana mashirika ya kimataifa ya afya ya binadamu na ya wanyama hayaipendekezi tena rangi hiyo kwa uchunguzi wa kawaida. Jibu la "hakuna ugonjwa" lililotolewa kwa rangi ya Sellers ni hatari kuliko kutokuwa na jibu, kwa kuwa humtuliza mtu ambaye hakupaswa kutulia.

Kilichochukua nafasi yake ni kingamwili. Tangu 1958 kipimo cha kutegemewa kimekuwa kile cha kingamwili yenye rangi inayong'aa, ambacho huigusa antijeni ya virusi yenyewe bila kungoja kijumba kikue. Hata hivyo, kipimo hicho kinahitaji hadubini maalumu ya floresensi, ambayo taa yake, bei yake na matengenezo yake vimekuwa kikwazo katika sehemu nyingi za Afrika. Hapa ndipo Tanzania inapoingia. Wataalamu wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani walikuwa wametengeneza kipimo kingine, kinachojulikana kwa kifupi cha dRIT, kinachotumia kingamwili lakini kinasomwa kwa hadubini ya kawaida. Kilijaribiwa kwa sampuli za ubongo zilizokusanywa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, nyingine zikiwa zimehifadhiwa katika gliserini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Kwa sampuli zilizohifadhiwa vizuri, dRIT ilitoa majibu yaleyale ya kipimo kikuu.

Mtaalamu wa maabara aliyezoea kutia rangi slaidi za malaria hatashangazwa na hatua zake. Ubongo hugandamizwa juu ya slaidi na kuachwa ukauke, kisha slaidi hutumbukizwa katika fomalini kwa dakika 10. Fomalini hiyo huviua virusi, nayo ni faida kwa anayeishika. Hufuata maji ya oksijeni, halafu kingamwili, halafu kimeng'enya kitakachoishika kingamwili hiyo, halafu kemikali inayotoa rangi, kila hatua ikichukua dakika 10 na kuoshwa katikati. Mwisho huja hematoksilini, ambayo huzipaka seli zote buluu. Penye virusi huonekana nukta nyekundu juu ya buluu hiyo. Kazi nzima huchukua muda wa saa moja hivi. Si kwamba haina ugumu wowote. Kingamwili zake hazinunuliwi katika duka lolote la dawa, huhitaji jokofu lisilozimika, na msomaji wa slaidi lazima afunzwe, apimwe na awe amechanjwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo haifai kudai kwamba kila kituo cha afya kiwe nayo. Linalofaa kudaiwa ni kwamba kanda iwe nayo kila siku ya kazi. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo chake cha kanda mjini Iringa, kwenye barabara ileile kuu inayopita Makambako, na kipimo hiki kinastahili kuwa sehemu ya kazi ya kawaida ya kituo cha namna hiyo, si mradi unaokuja na mfadhili na kuondoka naye.

Yapo siku hizi pia vipimo vya haraka vya kijikaratasi, vinavyofanana na vile vya malaria au mimba. Vinavutia kwa wepesi wake. Lakini ubora wake umetofautiana mno kati ya aina na aina, na havijafikia kuaminiwa vyenyewe katika uamuzi wa tiba ya binadamu. Visitumiwe kama njia ya kukwepa rangi.

Rangi nzuri, hata hivyo, haifai kitu ikitiwa mahali pasipo pake. Makundi ya seli ambayo kingamwili itayatafuta ni yale ya shina la ubongo na ya ubongo mdogo. Sampuli iliyochotwa juujuu kwenye paji la ubongo inaweza kutoa jibu la uongo. Kwa miaka mingi hilo lilimaanisha kupasua fuvu, kazi ya shoka na msumeno ambayo afisa mifugo wa kata hana vifaa wala kinga ya kuifanya. Lakini ipo njia nyingine, iliyokwisha kukubaliwa kimataifa: kichwa hutenganishwa na shingo, kisha mrija wa plastiki wa upana wa milimita 5, kama ule wa kunywea soda, husukumwa kupitia tundu la nyuma ya fuvu kuelekea kwenye jicho. Mrija huo hupita katika shina la ubongo, katika kitako cha ubongo mdogo, katika hipokampasi na gamba la ubongo, na kutoka umebeba kipande cha kila kimoja. Ni nadra kwa tekinolojia ya thamani ndogo namna hiyo kulenga makundi ya seli kwa usahihi namna hiyo. Kazi hii si ya mwenye mbwa wala ya mwananchi yeyote mwenye ujasiri. Ni ya mtaalamu wa mifugo aliyechanjwa, mwenye glavu, miwani na barakoa. Mwananchi anachotakiwa ni mambo mawili tu: kutoushika mzoga kwa mikono mitupu, na, ikiwa mbwa hana budi kuuawa, kutompiga kichwani. Rungu la kichwa huharibu palepale panapohitajika kusomwa. Baridi ya Njombe, ambayo wengine huilalamikia, hapa ni rafiki, kwa kuwa huchelewesha uozo. Hata hivyo kasha la ubaridi, la namna ileile ya kubebea chanjo za watoto, halina mbadala kwa safari ya kwenda Iringa.

Mtu anaweza kuuliza, na kwa haki, faida yote hii ni ipi ikiwa aliyeng'atwa hapaswi kungoja jibu. Ni kweli kabisa kwamba hapaswi kungoja. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, mgonjwa aende kituo cha huduma siku hiyohiyo, chanjo ianzwe, na kama ngozi imetoboka apewe pia imunoglobulini ndani na kandokando ya jeraha. Dalili zikishaanza, kwa kawaida kati ya mwezi 1 na miezi 3 baada ya kung'atwa, hakuna tiba ya kutegemewa, na kifo ni karibu hakika. Mhudumu anayemwambia mzazi asubiri hadi maabara iseme anahatarisha maisha ya mtoto. Hilo lisiachwe katika mashaka yoyote.

Lakini mtu mmoja aliyeng'atwa si hadithi yote ya mbwa mmoja. Yupo mtoto aliyelambwa kwenye kidonda naye hakusema. Yupo mchungaji aliyemfungua mbwa huyo kinywa akidhani amekwamwa na mfupa. Wapo mbwa wengine aliopigana nao usiku. Jibu jekundu juu ya slaidi ndilo linalomtoa afisa afya ofisini kwenda kuwatafuta hao, na ndilo linaloipa halmashauri sababu isiyopingika ya kuchanja mbwa wa kata nzima. Kwa upande wa pili, jibu la kutokuwepo kwa ugonjwa, likitolewa na maabara yenye kipimo cha kuaminika kwa sampuli iliyo sahihi, humruhusu daktari kusitisha dozi zilizobaki. Si jambo dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba mgonjwa wa kawaida wa kijijini Tanzania angehitaji kutumia zaidi ya dola 100 za Marekani ili kumaliza chanjo zote kama zinavyoelekezwa, ikiwemo nauli. Familia inayouza mbuzi au magunia ya viazi kwa ajili ya dozi ina haki ya kujua kama dozi inayofuata inahitajika.

Ipo sababu nyingine, iliyo chungu zaidi. Mwaka 2002 watafiti walikadiria, kwa kuanzia kwenye takwimu za watu walioumwa na mbwa, kwamba kichaa cha mbwa huua Watanzania wapatao 1,499 kwa mwaka, ilhali taarifa rasmi zilionyesha wastani wa vifo visivyofika 11. Kwa kila kifo kilichoandikwa, zaidi ya 100 havikuandikwa. Wengi wa watu hao hawakufa kwa siri. Walifia majumbani, au wodini wakiwa na jina la ugonjwa mwingine. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ambalo wilaya ya Ludewa inapakana nalo, madaktari wa Blantyre nchini Malawi walichunguza baada ya kifo wagonjwa 26 waliokuwa wamehesabiwa kufa kwa malaria ya ubongo. Watatu kati yao walikuwa na kichaa cha mbwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007, na yangepaswa kumsumbua kila daktari wa Nyanda za Juu Kusini anayeandika "malaria kali" kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa na kupoteza fahamu. Si kila mwenye kichaa huogopa maji. Wapo wanaopooza kimyakimya kuanzia miguuni, na hao ndio wanaopotea katika daftari.

Kwa familia ya marehemu, kujua jina la ugonjwa si anasa. Kifo cha mtu aliyepayuka, akakataa maji na kushtuliwa na upepo, kikiachwa bila jina, hutafutiwa jina na majirani, na jina hilo mara nyingi huishia kwa bibi mmoja mwenye macho mekundu. Kuna njia ya kuchukua chembe ya ubongo wa marehemu kwa sindano kupitia kwenye tundu la jicho, pasipo kupasua kichwa wala kuacha alama inayoonekana, na kuna njia ya kuchukua kipande kidogo cha ngozi ya kisogo kwa mgonjwa aliye hai. Haya yanahitaji idhini iliyoombwa kwa upole na kwa lugha ya wafiwa, na mara nyingi jibu litakuwa hapana. Jibu hilo liheshimiwe. Lakini lisitolewe na hospitali kwa niaba ya familia ambayo haikuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba Njombe ina mizigo mingine. Ni kweli: uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, zaidi ya mtu 1 kati ya kila 10 wazima. Ingekuwa kejeli kutaka shilingi za dawa za kufubaza ziende kwenye vichwa vya mbwa. Ila mfano wa VVU huunga mkono hoja iliyopo hapa kuliko kuipinga. Mkoa huu ulijifunza kusafirisha sampuli za damu kutoka vijijini hadi maabara kubwa na kurudisha majibu, kwa pikipiki, kwa mabasi, kwa madaftari ya kusaini. Ulijifunza kwamba jibu lisilorudi halina tofauti na kipimo kisichofanyika. Njia hiyo tayari inapitika. Kasha moja zaidi juu ya pikipiki ileile, lililofungwa vizuri mara tatu kama kanuni zinavyotaka, halihitaji wizara mpya.

Kinachohitajika ni ofisi mbili kuzungumza. Mbwa ni wa Wizara ya Mifugo, mtu ni wa Wizara ya Afya, na halmashauri ndiyo mahali pekee ambapo wote wawili huripoti chini ya paa moja. Serikali imekwisha kuukubali mpango wa Afya Moja, wenye dawati lake katika Ofisi ya Waziri Mkuu, na kichaa cha mbwa kimo katika orodha ya magonjwa yaliyopewa kipaumbele. Dunia nayo imejiwekea lengo la kutokuwa na kifo chochote cha binadamu kitokanacho na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mipango hiyo ni mizuri, lakini haimwambii muuguzi wa zamu mjini Makambako, saa mbili usiku, ampigie nani simu mzazi anapoingia na mtoto aliyeng'atwa na kusema kwamba mbwa ameuawa na yuko nyuma ya nyumba.

Namba hiyo ya simu inaweza kubandikwa ukutani wiki hii. Ni ya afisa mifugo wa kata, ambaye naye ajue kwamba kazi yake usiku huo si kuthibitisha kwa macho kuwa mbwa "alionekana kuwa na kichaa", bali ni kuulinda mzoga hadi alfajiri, kuchukua sampuli kwa mrija, na kuiweka kwenye kasha la basi la kwanza la Iringa. Kwenye fomu inayokwenda na sampuli pawe na nafasi mbili ambazo mara nyingi hukosekana: jina la kituo kinachomtibu aliyeng'atwa, na tarehe ya dozi yake inayofuata. Mtaalamu wa maabara akiziona, atajua kwamba slaidi iliyo mbele yake ina mtu nyuma yake, na atajua pia ni siku gani jibu lake litakuwa limechelewa.